Kadi Iliyoitwa "Mnyapara": Kisa cha Hospitali Moja na Mfumo wa Kufuatilia Wagonjwa

Kuhusu kisa hiki

Hospitali inayozungumziwa hapa ni ya rufaa, inamilikiwa na shirika la dini, na iko katika mkoa mmoja wa mwambao wa Tanzania. Jina lake, mkoa wenyewe, mfadhili, kampuni iliyouza vifaa na watu wote waliohusika havitajwi, na mambo madogo madogo yamebadilishwa ili asitambulike mtu. Uchambuzi huu unawalenga waganga wafawidhi, wauguzi viongozi, watu wa TEHAMA na wajumbe wa kamati za ubora ambao wako karibu kufunga mfumo kama huu, au wameshaufunga na wanajiuliza kwa nini wodini haupokelewi.

Hospitali na tatizo lake

Wodi ya wazazi ya hospitali hii ina vitanda vichache kuliko wanawake wanaolazwa humo. Siku za msongamano akina mama wawili hulala kitanda kimoja mzungu wa nne, kila mmoja na kichanga chake ubavuni. Faili hutundikwa miguuni pa kitanda, kwa hiyo kitanda cha watu wawili kina faili mbili upande uleule. Majina nayo katika ukanda huu yanafanana mno. Muuguzi akiita Asha Juma asubuhi, wanaweza kuitikia watatu. Watoto wao bado hawajapewa majina, na kwenye karatasi kila mmoja anaandikwa "mtoto wa Asha".

Kabla ya mfumo, mgonjwa alitambulishwa kwa kipande cha plasta kilichoandikwa kwa kalamu na kubandikwa mkononi. Kwa joto la mwambao, wino ulikuwa unafutika kwa jasho kabla ya siku ya pili. Baada ya hapo kilichobaki ni sura, namba ya kitanda na kumbukumbu ya muuguzi wa zamu.

Usiku mmoja maabara ilileta chupa ya damu kwa ajili ya mama aliyekuwa ametokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Vitanda viwili mbele yake alilala mama mwingine, aliyefanyiwa upasuaji siku hiyo, mwenye jina lake na la baba yake vilevile. Muuguzi alilinganisha jina la kwenye chupa na jina la kwenye faili aliyoishika, yakalingana, akaanza kuandaa mpira wa damu pembeni mwa kitanda cha huyo aliyepasuliwa. Mwanafunzi wa uuguzi aliyekuwa akimsaidia akamwinamia yule mama: "Mama, naomba uniambie majina yako yote matatu, umri, na kijiji ulikotoka." Jina la tatu halikuwa lile la kwenye fomu ya kuombea damu. Chupa ilikuwa bado haijaunganishwa. Maabara walipopima, mama yule alikuwa kundi O na chupa ilikuwa kundi A. Mtu wa kundi O akiongezewa damu ya A, kingamwili zake huzishambulia chembe zile mara moja, figo zinaweza kufeli na anaweza kufa. Hakukuwa na madhara, na muuguzi mwenyewe ndiye aliyeliandika tukio katika kitabu cha matukio asubuhi yake. Jambo hili la mwisho lina uzito katika yote yaliyofuata: hospitali ilijua hatari yake kwa sababu muuguzi hakuogopa kuiandika.

Hatari ya namna hii haihusu hospitali ndogo peke yake. Mwanzoni mwa 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi, mgonjwa alipasuliwa kichwa kwa upasuaji uliokusudiwa mgonjwa mwingine, na madaktari waligundua walipokosa donge la damu walilolitafuta. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshasisitiza tangu 2007 kwamba kila mgonjwa atambuliwe kwa vitambulisho viwili angalau, na kwamba namba ya kitanda au chumba isihesabiwe kuwa kitambulisho. Wauguzi wengi tunalijua agizo hilo kwa moyo. Kulitimiza saa nane usiku, wagonjwa wawili wakiwa kitanda kimoja, ndiko kunakoshinda.

Uamuzi wa kununua mfumo

Uongozi ulilichukulia tukio la damu kwa uzito unaostahili. Mfadhili aliyekuwa akisaidia wodi ya wazazi alikubali kugharamia mfumo wa kufuatilia wagonjwa, na timu ya manunuzi ikaundwa: mganga mfawidhi, mhasibu, mkuu wa TEHAMA na mwakilishi wa mfadhili. Muuguzi mkuu aliitwa kwenye kikao cha kwanza na cha mwisho. Hakuna muuguzi wa wodini aliyeshirikishwa.

Kilichonunuliwa kilikuwa na sehemu tatu. Ya kwanza ni bangili zenye msimbopau zinazochapwa mapokezi, pamoja na mashine za kuskani zilizounganishwa kwa waya na kompyuta juu ya troli. Muuguzi anaskani bangili ya mgonjwa kabla ya kutoa dawa, kuongeza damu au kumpeleka chumba cha upasuaji, na kompyuta inamwonyesha huyu ni nani na ameandikiwa nini. Ya pili ni vitambulisho vidogo vya redio: vya kufungwa miguuni pa vichanga, ili mlango upige kengele mtoto akitolewa nje ya wodi bila ruhusa, na vya kubandikwa kwenye pampu za dripu na mitungi ya oksijeni, ambayo ilikuwa ikipotea kati ya wodi na wodi. Ya tatu ni kadi za redio za kuvaliwa shingoni na watumishi. Vipokezi vilivyofungwa darini vilisoma kadi hizo na kuonyesha kwenye skrini ya ofisi kila mtumishi yuko wapi.

Kadi za watumishi ziliingia kwenye mkataba kwa sababu mbili. Kampuni iliuza vyote kama kifurushi kimoja, na kuziondoa kusingepunguza bei sana. Pia mganga mfawidhi alikuwa na hoja yake: wodi ni ndefu, usiku wauguzi ni wachache, na mfumo ungeweza kumwita aliye karibu zaidi mgonjwa akizidiwa. Hoja hiyo ina mantiki, na aliitoa kwa nia njema. Haikuandikwa popote kwamba hilo ndilo litakuwa tumizi pekee la kadi.

Mafunzo yalikuwa semina ya siku moja ukumbini. Waliotoka zamu ya usiku walikuwa wamelala. Mkunga mmoja wa siku nyingi aliuliza, na swali lake limo kwenye kumbukumbu za semina: "Hizo taarifa za kadi zetu, anayeziona ni nani?" Mtoa mada wa kampuni alijibu, "Uongozi tu." Wakaendelea na mada iliyofuata.

Miezi ya mwanzo

Bangili zilipokelewa vizuri. Wauguzi wa zamu za mchana walizipenda tangu wiki ya kwanza kwa sababu zilimaliza ubishi wa nani ni Asha yupi. Akina mama nao waliziona ni dalili ya kujaliwa, na wengine walirudi nazo nyumbani. Anayesema wauguzi wa hospitali hii hawataki teknolojia hajawaona wakitumiana fedha kwa simu, wakipanga zamu kwenye kundi la WhatsApp na kutuma picha za karatasi za maabara kwa daktari aliye nyumbani. Teknolojia wanaitumia siku nzima.

Shida zilianza kwenye mambo ya mikono na miguu. Waya wa mashine ya kuskani ulikuwa mfupi, na troli haikupita kati ya vitanda vilivyosogezwa kubana nafasi. Ikabidi muuguzi auvute mkono wa mgonjwa kuelekea kwenye troli, au amwombe mama aliyepasuliwa jana ainuke. Usiku kila kitanda kina chandarua. Kuskani kunataka chandarua kichomolewe chini ya godoro, mgonjwa aamshwe, mkono utafutwe, kisha chandarua kirudishwe, na kichanga kilichokuwa kimetulia kimeshaanza kulia. Mwisho wa wodi, karibu na bafu, mtandao ulikuwa unakata. Maandishi ya bangili yalififia kwa kitakasa mikono chenye spiriti. Wenye kifafa cha mimba walivimba mikono na bangili zikakatwa, au zikakatwa ili kupata mshipa wa kuweka kanula, na ya pili ilibidi ifuatwe mapokezi, jengo lingine kabisa.

Zamu ya usiku ikapata njia yake. Nyuma ya mlango wa chumba cha dawa palikuwa na msumari, na kwenye msumari huo zikaanza kuning'inia bangili za ziada, moja kwa kila mgonjwa, zikiwa zimepangwa kwa vitanda. Muuguzi alizunguka na karatasi ya dawa kama zamani, akatoa dawa, kisha akarudi chumbani na kuziskani bangili zote za msumarini kwa mkupuo. Kwenye skrini kila mgonjwa alikuwa wa kijani. Taarifa iliyokwenda kwa mfadhili mwisho wa mwezi ilionyesha kwamba karibu kila dozi imeskaniwa, na wodi ikapongezwa kwenye kikao cha uongozi.

Nimewahi kusimama mbele ya msumari kama ule, na sikuona uzembe. Bangili zilipangwa kwa uangalifu kuliko faili za wodi nyingi. Watu wale walikuwa wanajaribu kuutimiza mfumo na kuwahudumia wagonjwa kwa pamoja, na msumari ulikuwa mahali pekee ambapo mambo hayo mawili yalikutana. Hatari yake ni kwamba skrini ilikuwa inamhakikishia kila mtu usalama ambao haukuwepo.

Barua

Kadi za shingoni zilizinduliwa baada ya bangili. Mwanzoni hakukuwa na upinzani wa wazi, ila jina lilipatikana haraka: wodini kadi iliitwa "mnyapara". Wengine walikuwa na wasiwasi wa kweli kwamba mawimbi ya redio yanaweza kuharibu mashine za wagonjwa au kuwadhuru wajawazito miongoni mwao. Waliambiwa waache imani potofu. Jibu hilo halikuwa sahihi kwa upande wa mashine. Jaribio lililofanyika Amsterdam na kuchapishwa 2008, katika chumba kisicho na mgonjwa, lilikuta kwamba vifaa vya redio vya aina hii vilivuruga mashine za uangalizi maalumu mara 34 katika majaribio 123, na 22 kati ya hizo zilihesabiwa kuwa za hatari. Vifaa hutofautiana kwa aina na nguvu, na umbali kutoka kwenye mashine una athari kubwa. Mtumishi anayeuliza swali hilo anastahili kuonyeshwa vipimo vilivyofanyika kwenye mashine za hospitali yake.

Kisha ofisi ya utumishi ikaanza kuchapa taarifa za kadi. Hakuna aliyeiagiza rasmi. Taarifa zilikuwepo kwenye kompyuta, na ofisi ilikuwa na malalamiko ya zamani kuhusu wauguzi kukaa sana chumba cha chai. Asubuhi moja muuguzi wa usiku alipewa barua ya kujieleza. Kadi yake ilionyesha kwamba kwa muda mrefu wa usiku hakusogelea kitanda hata kimoja, na barua ilimtaka aeleze ndani ya saa 48 kwa nini asichukuliwe hatua za kinidhamu.

Muda huo wote alikuwa chumba cha kujifungulia akimsaidia mkunga. Mtoto alizaliwa amechoka, na yeye ndiye aliyeshika barakoa ya kumpulizia hewa. Kabla ya kuingia alikuwa amevua kadi na kuiacha mezani, kwa sababu taratibu za kuzuia maambukizi za hospitali hiyohiyo zinakataza kitu chochote kinachoning'inia shingoni wakati wa kuzalisha. Kadi ilikaa mezani, na mfumo ukaandika kwamba muuguzi amekaa mezani.

Picha ya barua ilienea kwenye makundi ya WhatsApp ya watumishi kabla ya saa nne asubuhi. Zamu ya mchana iliyofuata kadi karibu zote zilikuwa kwenye droo. Ambacho uongozi haukukitarajia ni kwamba bangili nazo zilianza kuachwa. Muuguzi aliyeskani alikuwa anaacha jina lake na saa kwenye mfumo uleule uliomwandikia mwenzake barua. Kitabu cha matukio nacho, kile ambacho tukio la damu liliandikwa humo, kilipita majuma bila mstari mpya. Kwa maoni yangu huko ndiko barua ilikoidhuru hospitali kuliko kwingine kote. Kadi zilikuwa na wiki chache tu, ilhali imani iliyomfanya muuguzi aandike kosa lake mwenyewe ilijengwa kwa miaka.

Kikao na uamuzi uliofuata

Mganga mfawidhi alikuwa na njia tatu mbele yake. Mfadhili alitaka kadi zitumike, kwa hiyo ya kwanza ilikuwa kuwalazimisha watumishi kwa waraka na adhabu. Ya pili ilikuwa kuusimamisha mfumo mzima na kurudi kwenye plasta. Muuguzi mkuu alipendekeza ya tatu, yaani kuwasikiliza kwanza watumishi bila uongozi kuwepo. Alipewa juma moja.

Alikaa na kila zamu kwa wakati wake, pamoja na ile ya usiku saa moja asubuhi kabla hawajaondoka, akiwa na katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi. Hakuanza na kadi. Aliuliza: "Ukiwa peke yako usiku, kitu gani kinakuchelewesha kumfikia mgonjwa?" Msumari ukatajwa mapema, na aliyeutaja ni mmoja wa waliouweka. Yakafuata chandarua, waya, mtandao wa karibu na bafu na safari ya mapokezi kufuata bangili ya pili. Kadi zilikuja mwishoni, na hoja haikuwa kwamba hawataki kuonekana. Walitaka kujua nani anaona, anaona nini, kwa muda gani, na anaruhusiwa kufanya nini na anachokiona. Lilikuwa swali lilelile la mkunga pale semina.

Uongozi ulichukua hatua hizi, na kila moja ilikuwa na sababu yake.

Barua ilifutwa kwa barua nyingine, ikasomwa mbele ya watumishi kwenye kikao cha asubuhi. Ofisi ya utumishi ilipendekeza iondolewe kimyakimya kwenye faili. Mganga mfawidhi alikataa, kwa kuwa ile ya kwanza ilikuwa imeshasomwa na hospitali nzima.

Kadi za watumishi zilisimamishwa, na taarifa zote za nyendo zilizokwisha kukusanywa zikafutwa mbele ya katibu wa tawi. Mkuu wa TEHAMA alipinga akisema ni hasara. Kilichoamua ni kwamba hoja ya mwanzo, ya kumwita muuguzi aliye karibu, haikuwa imewahi kutumika hata siku moja. Kadi hazikuwa zimeunganishwa na kengele yoyote. Mshauri wa sheria wa shirika aliongeza kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa ya mtu ikusanywe kwa lengo lililotajwa na isigeuzwe kutumika kwa jambo jingine. Hospitali haikuwa imetaja lengo lolote.

Mwongozo wa ukurasa mmoja ulibandikwa kila wodi. Ulisema kwamba taarifa za kuskani zitasomwa na kamati ya ubora, zitatumika kurekebisha utaratibu, na hazitakuwa msingi wa hatua za nidhamu isipokuwa pale ambapo mtu amedhuru kwa makusudi. Ofisi ya utumishi iliondolewa ruhusa ya kuingia kwenye mfumo. Neno la siri lilibadilishwa siku hiyohiyo, na nadhani kitendo hicho kiliwashawishi watumishi kuliko mwongozo wenyewe.

Mashine za waya zilibadilishwa na za kushika mkononi zisizo na waya, kwa kuanzia wodi ya wazazi, kwa fedha zilizokuwa zimetengwa kwa awamu ya pili ya kadi. Kichapishi kidogo cha bangili kikawekwa meza ya wauguzi. Kipokezi cha mtandao kikasogezwa karibu na bafu. Kwa dawa za kawaida za usiku zisizo za hatari, wauguzi na daktari wa wodi walipitia saa za dozi na kuzisogeza nyingi zikutane na saa ambazo mama anaamka kunyonyesha. Pendekezo hilo lilitoka kwa muuguzi wa usiku, na halikugharimu chochote. Umeme au mtandao ukikatika, karatasi inatumika bila mtu kuulizwa, na hakuna kurudi kuskani baadaye ili skrini iwe kijani.

Msumari uling'olewa na wauguzi wenyewe.

Matokeo

Bangili zilirudi kutumika wodi ya wazazi na baadaye wodi ya watoto. Asilimia iliyoonyeshwa kwenye taarifa ya mwezi ilishuka kuliko zama za msumari, na mwakilishi wa mfadhili aliuliza kwa nini wodi imerudi nyuma. Ilibidi kamati ya ubora imweleze kwamba namba ya zamani haikuwa ya kweli na hii ya sasa ni ya kweli. Si kila mfadhili angeelewa. Huyu alielewa.

Kitabu cha matukio kilianza kuandikwa tena, polepole. Mmoja wa mistari ya kwanza uliandikwa na muuguzi ambaye mashine ilimkatalia: alishika dozi ya mgonjwa wa kitanda cha pili, akaskani, skrini ikawa nyekundu. Aliandika jina lake.

Vitambulisho vya vichanga vilikuwa sehemu iliyokubalika kirahisi kuliko zote. Mabibi wengine walikuwa wamewafunga wajukuu uzi mweusi mkononi, na mwanzoni muuguzi mmoja alikuwa akiukata ili kifaa kikae vizuri, ikazuka mizozo. Wakunga wakaelewana na familia kwamba kifaa kifungwe mguu wa kulia na uzi ubaki ulipo. Hakukuwa na malalamiko tena. Vitambulisho vya kwenye mitungi ya oksijeni navyo vilisaidia, kwa maana wahudumu waliacha kuzunguka jengo zima kutafuta mtungi mmoja.

Chumba cha upasuaji hakijabadilika. Madaktari wa upasuaji bado wanamtegemea muuguzi askani kwa niaba yao, na kama muuguzi ana kazi nyingine, hakuna anayeskani. Kuskani dawa zenyewe pia kulishindikana kabisa. Vidonge vingi vinakuja kwenye makopo makubwa, vinahesabiwa famasi na kutiwa kwenye vibahasha vilivyoandikwa kwa mkono, na kibahasha hakina msimbo wa kusomwa. Mfumo unamthibitisha mgonjwa, haumthibitishii muuguzi kilichomo kwenye kibahasha. Watumishi waliambiwa hivyo waziwazi ili wasiiamini skrini kwa jambo ambalo haliwezi.

Uchambuzi

Tukiulizana kwa nini mtumishi anakubali au anakataa teknolojia, mara nyingi tunakwenda kwenye nadharia aliyoitoa Fred Davis mwaka 1989: mtu hutumia kifaa akiona kina manufaa kwa kazi yake na ni chepesi kukitumia. Nadharia hiyo inaeleza vizuri habari ya bangili. Manufaa yalionekana tangu siku ya kwanza, wepesi haukuwepo, na msumari ukazaliwa hapo katikati. Ross Koppel na wenzake, katika utafiti wao wa 2008 kwenye hospitali za Marekani zinazoskani dawa, waliorodhesha aina 15 za njia za kukwepa na sababu 31 zinazozizalisha. Sababu hizo zinafanana na zetu: misimbo isiyosomeka, betri, mtandao, mgonjwa asiyefikika. Wauguzi wa huko nao walibandika misimbo ya wagonjwa mahali pengine mbali na mgonjwa. Kwa hiyo atakayefunga mfumo huu aanze kwa kuutafuta msumari wa wodi yake, kwa sababu upo au utakuwepo, na aliyeuweka aulizwe bila kutishwa.

Lakini nadharia ya manufaa na wepesi haielezi kilichotokea baada ya barua. Kifaa kilikuwa kilekile, ugumu wake uleule, na faida yake kwa mgonjwa haikupungua. Kilichobadilika ni kwamba watumishi walijua sasa taarifa inakwenda wapi. Ninaiona hii kuwa sababu kubwa kuliko nyingine zote katika kisa hiki, na ndiyo iliyokuwa rahisi kuzuilika. Swali liliulizwa semina, mbele ya uongozi, na mtu aliyekuwa na kila haki ya kuuliza. Kama lingejibiwa siku ile kwa maandishi, ofisi ya utumishi isingekuwa na cha kuchapa.

Mfumo wa kumlinda mgonjwa na mfumo wa kumsimamia mtumishi unaweza kutumia nyaya zilezile, na hapo ndipo kishawishi kilipo. Wa kwanza unahitaji watu waonyeshe makosa yao. Wa pili unawafundisha kuyaficha. Hospitali ikiviweka viwili hivyo kwenye skrini moja, wa pili utaua wa kwanza, hata kama msimamizi ni mtu mwema. Ofisi ya utumishi ina haki ya kushughulikia utoro na uzembe, na ina njia zake za siku zote: msimamizi wa zamu, kitabu cha mahudhurio, mazungumzo ana kwa ana. Msimamizi wa zamu angeulizwa, angesema kwa sentensi moja kwamba muuguzi yule alikuwa anampulizia mtoto hewa.

Ushirikishwaji wa wauguzi kabla ya kununua ungeokoa fedha nyingi. Muuguzi yeyote wa usiku angesema waya ni mfupi na chandarua kipo. Inafaa kukumbuka kwamba wazo lenyewe la kuskani dawa kando ya kitanda lilitoka kwa muuguzi: Sue Kinnick wa hospitali ya maveterani, yaani wanajeshi wastaafu, mjini Topeka, Kansas, mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya kuona jinsi gari la kukodi linavyopokelewa kwa kifaa cha mkononi. Mfumo uliotokana na wazo hilo ulienea hospitali zote za maveterani Marekani. Na unafanya kazi pale ambapo mazingira yake yametengenezwa. Katika hospitali ya Brigham and Women's ya Boston, utafiti uliochapishwa 2010 ulikuta makosa ya kutoa dawa, ukiacha ya kuchelewa au kuwahi, yakishuka kutoka asilimia 11.5 hadi 6.8. Boston walikuwa na dawa zenye msimbo kwenye kila dozi. Kulinganisha matokeo yetu na yao bila kutaja vibahasha vya famasi ni kuwaonea wauguzi wetu.

Kuhusu kadi za shingoni, wapo waliosema uongozi ulikubali kushindwa. Naona uamuzi ulikuwa sahihi. Kadi isiyounganishwa na kengele ya mgonjwa haimlindi mgonjwa, na gharama yake kwenye kitabu cha matukio ilikuwa imeshaonekana. Ukiongeza kwamba kuivaa kunagongana na taratibu za kuzuia maambukizi katika chumba cha kujifungulia, mahali ambapo hospitali hii inahitaji mikono zaidi, sioni ilikuwa inatetewa kwa lipi.

Hoja ya kuzirudisha imefufuka. Wauguzi wawili wa usiku waliwahi kuvamiwa na ndugu wa mgonjwa wakiwa peke yao mwisho wa wodi, na sasa ombi la kifaa chenye kitufe cha kuita msaada linatoka kwa wauguzi wenyewe. Rasimu iliyopo mezani inasema kifaa kibanwe kiunoni, kisome mahali pale tu kitufe kinapobonyezwa, taarifa ifutwe baada ya tukio kufungwa, na anayeiona awe mlinzi wa zamu na muuguzi kiongozi wa usiku. Mkunga aliyeuliza swali semina ni mmoja wa walioiandika. Inasubiri kujadiliwa na bodi.